Kitanda Kimefundishwa Kukesha

Maneno haya juu ya kukosa usingizi niliyasema Jumamosi asubuhi mjini Tanga, mbele ya walimu wastaafu. Waliokosa kufika kwa sababu ya mvua wameomba niyaweke hapa. Nimeyaandika kama yalivyotoka.

Shikamooni wazee wangu. Shikamooni mama zangu.

Nawashukuru kwa kuniita. Nikitazama humu ukumbini naona watu waliofundisha nusu ya mji huu kusoma na kuandika, na kwangu ni heshima kubwa kusimama mbele yenu.

Kabla sijafika mbali naomba mnisaidie. Nani jana usiku hakulala vizuri? Inueni mikono tu. Ahsanteni, shusheni. Sasa nani amekuwa hivyo siku tatu au zaidi katika kila wiki, na hali hiyo imepita miezi mitatu? Bado mikono ni mingi. Basi hao wa mara ya pili ndio niliowajia leo.

Maana kukosa usingizi siku moja mbili si ugonjwa. Mjukuu anaumwa, ada haijalipwa, kuna msiba mtaani, utakesha, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Tunaanza kusema ni ukosefu wa usingizi sugu pale unapokuja siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana unakutesa: kichwa kizito, hasira za karibu, gazeti unalisoma mstari mmoja mara nne. Na nafasi ya kulala unayo. Hilo la mwisho msilisahau. Mama anayeamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua ana deni la usingizi; akipewa siku ya kupumzika atalala kama pono. Ninayemzungumzia mimi kitanda anacho, muda anao, taa imezimwa, na bado hapati hata lepe la usingizi. Duniani, kati ya watu wazima 10, mmoja hivi yuko katika hali hiyo.

Nianze na mimi mwenyewe.

Mama yangu aliugua kiharusi, nikamuuguza nyumbani mwaka mmoja na miezi minane. Kila usiku saa nane niliamka kumgeuza ubavu asipate vidonda. Sikuhitaji kengele. Saa nane macho yanafunguka, nawasha taa ndogo, namgeuza, nampaka mafuta mgongoni, narudi kulala. Kisha mama akafariki. Tukazika, matanga yakaisha, wageni wakarudi makwao. Na saa nane usiku macho yakaendelea kufunguka. Hakuna wa kumgeuza. Nikawa nalala chali, nasikiliza mabati yanavyolia yakipoa, nahesabu boriti moja moja mpaka muadhini anaadhini.

Mwezi wa kwanza nilisema ni majonzi. Mwezi wa tatu nikasema labda ni presha. Nikaenda kwenye zahanati moja, na aliyenihudumia hakuniuliza nalala saa ngapi, hakuniuliza naamka saa ngapi, hakuniuliza nini kilitokea nyumbani kwangu. Aliandika vidonge. Vikanilaza, kweli. Baada ya wiki kadhaa kimoja hakikutosha, nikameza viwili. Na mimi ni muuguzi! Nilijua kabisa ninakoelekea. Lakini usiku ukiingia nilivimeza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukiogopa kitanda changu.

Kukiogopa kitanda. Nani analijua hilo? Nani hapa, jua likizama na watu wakienda magharibi, tumbo lake linaanza kukaza kwa sababu usiku unakuja? Ndiyo, mama. Nakuona.

Mwaka 1987 mtaalamu mmoja wa New York, Arthur Spielman, alieleza jambo ambalo lilinifungua macho niliposoma habari zake. Alisema tutenganishe vitu vitatu. Kuna uliyozaliwa nayo au kukua nayo: mimi tangu mtoto usingizi wangu ni mwepesi, paka akikanyaga bati naamka. Kuna kilichochokoza: ugonjwa wa mama. Na kuna kinachoendeleza. Hiki cha tatu ndicho tunachokipuuza. Nilipoanza kukosa usingizi nilifanya nini? Nikawa naingia kitandani saa mbili usiku, ili nifidie. Nikawa nalala mchana, ili nifidie. Siku za mapumziko nikawa nabaki kitandani hadi jua limepanda, ili nifidie. Moto uliwashwa na kiberiti, wazee wangu, lakini kiberiti kilishazimika zamani. Uliokuwa unawaka ulikuwa unakula kuni nilizoziongeza kwa mkono wangu mwenyewe kila siku.

Ndiyo maana matibabu ninayokuja kuyaeleza hayaanzi kwa kuuliza nani alikukosea au kitu gani kilikutisha. Yanaanza na kuni. Wataalamu wanayaita tiba ya utambuzi na tabia. Mimi nitasema tiba ya tabia, tuelewane upesi.

Walimu, chuoni mlisoma saikolojia. Nani anamkumbuka mbwa wa Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi?

Naam! Mlio, chakula. Mlio, chakula. Mlio, chakula. Mwisho mlio peke yake unatosha, mate yanatoka. Sasa tazameni usiku wenu. Kitanda, macho. Kitanda, mawazo ya shamba la urithi. Kitanda, simu. Kitanda, hesabu za dukani. Kitanda, hasira kwa nini silali. Ukifanya hivyo miezi sita, kitanda peke yake kinatosha kukuamsha. Si ndiyo maana unasinzia kwenye kiti wakati wa taarifa ya habari, shingo imelegea, mate yanataka kukudondoka, kisha ukiingia kitandani macho yanakuwa makavu kama ya samaki wa jana? Kitanda kimefundishwa kukesha. Kimefundishwa usiku baada ya usiku, na mwalimu wake ni wewe.

Na kilichofundishwa hufundishika upya. Nani ajuaye hilo kuliko ninyi?

Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alitoa masharti ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya matibabu haya. Ingia kitandani ukisinzia. Si ukichoka, ukisinzia. Kuchoka ni miguu. Kusinzia ni kope. Kitanda kiwe cha kulala na cha mambo ya mume na mke, basi. Kula, kusali rozari, kupiga hesabu, kuangalia simu, vyote vitoke kitandani. Ukiona umejilaza kama robo saa na usingizi haujaja, na usiitazame saa, kisia tu, inuka. Toka. Kaa mahali pengine, fanya jambo tulivu, urudi pale kope zitakapokuwa nzito. Usingizi ukikuruka tena, toka tena. Hata mara sita kwa usiku mmoja. Asubuhi amka saa ileile, umelala umelala, umekesha umekesha, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na mchana usilale.

Naona mzee mmoja pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, baba. "Mwanangu, nitoke niende wapi? Nina chumba kimoja."

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu masharti haya yaliandikwa na mtu ambaye nyumbani kwake kuna sebule, kuna makochi. Huku kwetu kitanda ndicho kiti cha mgeni, ndiyo meza ya kulia, ndilo kabati. Kwa hiyo tulianza na mkeka. Mkeka mmoja unaokaa ukutani mchana, usiku ukiinuka unautandika chini, unakaa, unaegemea ukuta. Umetoka kitandani, ingawa hujatoka chumbani. Mwili unaelewa. Mama mmoja tuliyemhudumia alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, gizagiza hivi, taa ndogo tu ya betri. Akishafika robo ya ungo kope zinashuka.

Halafu kuna mbu. Mbu wa malaria anauma zaidi usiku wa manane, saa zilezile ninazokuambia utoke ndani ya chandarua. Siwezi kukutibu usingizi nikakupa malaria. Mwenye nafasi atundike chandarua kidogo cha mtoto juu ya mkeka. Asiye nayo avae kanzu au gauni refu, soksi miguuni, kanga mabegani, na feni kama umeme upo. Na tochi iwe chini ya mto, tafadhali sana, maana kwa umri wetu kuanguka usiku kwenda msalani kunavunja nyonga, na nyonga iliyovunjika ni habari nyingine kabisa.

Wengine mnaniambia, "Mimi nikiamka naswali rakaa zangu mbili." Vizuri. Hapo tayari umetoka kitandani. Ninachokuomba ni kimoja, usikae na tasbihi kitandani ukiigeuza kidonge cha usingizi, unahesabu huku unatega sikio kama umeshalala.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kila mtu hulikataa mara ya kwanza. Hata mimi nililikataa.

Alikuja kwangu nahodha wa jahazi mstaafu, nitabadilisha mambo machache asijulikane. Mwili wa mtu aliyevuta kamba maisha yake yote, lakini macho mekundu. "Binti yangu," akaniambia, "nilikuwa nalala juu ya magunia, bahari inachafuka, nakoroma. Leo nina godoro la inchi nane na silali." Nikampa daftari aandike wiki mbili: ameingia kitandani saa ngapi, anadhani amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, ametoka kitandani saa ngapi. Akaleta. Aliingia saa mbili na nusu usiku, akatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hizo ni saa 9 kitandani. Usingizi wenyewe, tukikusanya vipande vyote, saa 5 na nusu. Gawanyeni, walimu wa hesabu. Asilimia 61. Zaidi ya theluthi ya usiku wake ilikuwa ni kugaagaa.

Nikamwambia: kuanzia leo usiingie kitandani mpaka saa tano na nusu usiku. Saa kumi na moja alfajiri uinuke. Akanitazama muda mrefu. "Nimekuja kwa sababu silali, na wewe unanikataza kulala?"

Ndivyo. Hii nayo ni ya Spielman, mwaka uleule wa 1987. Unapunguza muda wa kitandani mpaka ulingane na usingizi ulio nao kweli, ila hushuki chini ya saa 5. Kwa nini? Kwa sababu usingizi ni kama njaa. Tangu unapoamka mwilini mwako kunajikusanya kitu, adenosini ni mojawapo, na kadiri saa zinavyopita ndivyo njaa ya usingizi inavyokua. Ukila maandazi matatu saa kumi jioni, ugali wa usiku utaushika? Na ukijinyoosha mchana kwa muda wa saa moja na nusu baada ya wali, ukaingia kitandani saa mbili usiku, unataka mwili ulale kwa njaa ipi? Tena usingizi mchache ukitandazwa kwenye saa 9 unakuwa kama siagi ya kipande kimoja uliyoipaka mkate mzima. Unakuwa wa mang'amung'amu, huku umelala huku unasikia.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, na sitawaficha. Mzee alikaa barazani akishona jarife, wavu wa kuvulia samaki, la mpwa wake ili asilale mapema, mkewe akawa anatoka kila baada ya muda kumtikisa bega. Mchana alikuwa kama amelewa. Siku ya nne alitaka kuacha. Siku ya sita alipoingia kitandani hakukumbuka hata kuvua kofia. Aliamka muadhini anaadhini, kofia kichwani, na mkewe ndiye aliyenisimulia, analia. Hakuwa ameona mumewe amelala usiku mzima tangu aache bahari.

Kila wiki tulipiga hesabu. Usingizi ukifika asilimia 85 ya muda wa kitandani, au zaidi, unaongezewa robo saa. Ukiwa chini sana, unapunguza kidogo. Baada ya miezi miwili alikuwa anaingia saa nne na nusu, analala saa 6 hivi kati ya hizo 6 na nusu, na zinamtosha. Siku moja nilimuuliza amejifunza nini, akasema, "Upepo hauitwi, mwanangu. Unatengeneza chombo, unasubiri." Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi.

Nasimama hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili lina hatari zake na nisipozisema nitakuwa nimewakosea. Mwenye kifafa asijipunguzie usingizi peke yake. Aliyewahi kuugua ule ugonjwa wa akili unaopandisha mtu furaha isiyo ya kawaida kisha unamshusha, vilevile. Dereva, anayeendesha bodaboda, anayekwea minazi, asianze bila mtu wa kumsimamia. Na wewe unayekoroma, kisha pumzi inakatika, kisha unashtuka kama mtu aliyezama, nenda hospitali upimwe, maana tatizo lako huenda ni njia ya hewa, si kitanda. Na ambaye moyo umekuwa mzito, chakula hakina ladha, na mawazo ya kufa yanakujia, usihangaike na daftari. Mtafute mhudumu wa afya leo. Nifuate mimi tukimaliza hapa.

Sasa kahawa. Nyuso zinacheka kule kwa wazee wa baraza. Nisikilizeni. Kahawa inaziba masikio ya mwili usisikie ile adenosini. Kwa mtu wa kawaida nusu ya kilichomo kwenye kikombe inachukua kama saa 5 kuondoka mwilini. Ukinywa vikombe vyako barazani saa mbili usiku baada ya isha, saa saba usiku nusu yake bado imo damuni. Baraza sikatazi, Mungu apishe mbali. Mtu mstaafu akikosa baraza anaugua kweli. Kaeni, chezeni bao, zungumzeni, ila kikombe cha jioni kiwe tangawizi. Lakini msidhani kuacha kahawa peke yake kutawaponya. Mwaka 2021 American Academy of Sleep Medicine, chama cha Marekani cha wataalamu wa usingizi, walipotoa mwongozo wao walishauri kwamba mawaidha ya aina hii, kahawa, giza, chumba kitulivu, yasitolewe peke yake kuwa tiba ya ukosefu wa usingizi sugu. Nasema hivyo kwa sababu wengi mmepewa mawaidha hayo tu, yakashindwa, mkajiona ninyi ndio wabovu. Hamkuwa wabovu. Mlipewa chumvi bila mchuzi.

Kuna kulegeza misuli pia. Tulijaribu wote pamoja: tukakunja ngumi tukahesabu hadi tano, tukaachia polepole, tukapandisha mabega hadi masikioni, tukaachia, tukakunja uso. Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, alikuwa akifundisha jambo hili tangu miaka ya 1920, na linawasaidia sana wale ambao mwili unakuwa kama upinde uliovutwa. Mmesikia ukumbi ulivyokuwa kimya?

Niwasimulie la mwisho, la mawazo.

Mama mmoja alikuwa anaamka kila usiku saa tisa kamili. Kila usiku. Jirani akamwambia hiyo ndiyo saa ya wachawi, na kwamba anayeamshwa saa tisa ameshapangwa. Tangu siku ile akawa analala na simu kifuani ili aone ni saa ngapi. Na akiona tisa, moyo unapiga, jasho linatoka, mpaka asubuhi. Alipokuja kwangu alikuwa ameshatumia fedha nyingi kwa waganga.

Sikumcheka. Anayeogopa saa tisa usiku peke yake gizani hachekwi. Nilimuuliza, "Dada, ukiamka na usipotazama simu, unajuaje ni saa tisa?" Akanyamaza. Nikamweleza kwamba usingizi wa kila mtu unakwenda kwa mizunguko, mmoja wa kama saa 1 na nusu, na kila mmoja wetu anaibuka kidogo baina ya mizunguko hiyo, anajigeuza, anavuta shuka, anazama tena, na asubuhi hakumbuki. Wewe ukiibuka unaitazama simu, na taarifa inayokutisha inakuamsha kabisa. Tukakubaliana simu ilale chumba cha watoto, kifudifudi. Wiki tatu baadaye akaniambia, "Sijui naamka saa ngapi siku hizi." Aliniambia kama mtu anayeomba radhi. Mimi nilimkumbatia.

Hiyo ndiyo sehemu ya utambuzi. Tunalichukua wazo lenyewe, tunaliweka mezani, tunalihoji. "Nisipolala leo kesho nitaanguka." Uliwahi kukesha? Mara nyingi. Ulianguka? Mara ngapi? "Lazima nipate saa nane za usingizi, la sivyo nitapata presha." Nani kakuambia nane? Na usingizi wa uzeeni kweli unakuwa mwepesi, unakatika zaidi, unakuja mapema na kuondoka mapema. Hilo si ugonjwa, ni umri, kama mvi. Yale mawazo ya kweli, deni, shamba, mtoto aliyepotelea mjini, tunayapa muda wake. Saa kumi na mbili jioni, robo saa, kwenye karatasi: jambo, na hatua moja ya kesho. Yakirudi usiku unayaambia, ninyi zamu yenu ilikuwa jioni. Na yupo ambaye kinachomkesha ni kujilazimisha kulala. Huyo ninamwambia alale macho wazi gizani, ajaribu kwa upole kukesha. Mara nyingi anashindwa.

Mtaniuliza, na vidonge je? Mbona ni rahisi zaidi?

Mwaka 1999 Charles Morin wa Quebec, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 78, wastani wa umri wao miaka 65. Rika lenu kabisa. Wengine walipewa tiba ya tabia, wengine kidonge cha usingizi kiitwacho temazepamu, wengine vyote viwili, wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa wiki 8. Mwanzoni wote waliotibiwa, kwa dawa au kwa tabia, walipata nafuu kuliko wale wa kidonge kitupu. Lakini walipofuatiliwa hadi miezi 24, waliobaki na nafuu yao ni wale waliojifunza tabia. Waliokuwa na kidonge peke yake, nafuu iliondoka na kidonge. Na mwaka 2016 American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, kikaelekeza kwamba kila mtu mzima mwenye ukosefu wa usingizi sugu aanze na tiba hii ya tabia, kabla ya dawa. Kabla ya dawa! Mimi kwenye ile zahanati sikusikia hata jina lake.

Dawa zina mahali pake, na daktari anayekujua atakuambia. Ila vidonge vya usingizi vya jamii ile ya diazepamu, kwa mtu wa miaka 65 na zaidi, vinaongeza kuanguka na kuvunjika, na vinachanganya kumbukumbu. Na vile vidonge vya mafua na mzio mnavyonunua dukani kwa sababu vinasinzisha, vinakausha mdomo, vinazuia mkojo kwa wazee wanaume, na asubuhi bado vimo kichwani. Lakini nisikilizeni vizuri hapa: anayetumia dawa ya usingizi kwa muda mrefu asiitupe leo kwa sababu ya maneno yangu. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Mimi mwenyewe nilipunguza robo kidonge kwa robo kidonge, nikisimamiwa na daktari, miezi minne, huku nikitoka kitandani kila saa nane usiku kwenda kukaa kwenye kile kiti nilichokuwa nikikaa nilipokuwa nikimuuguza mama. Usiku wa kwanza nililia pale. Usiku wa kumi na ngapi sijui, nililala palepale kitini, nikarudi kitandani shingo inauma, nikalala tena.

Matibabu haya kwa kawaida ni vikao 4 hadi 8. Si miaka. Tutakutana hapa kila Jumamosi, baada ya chai, wiki sita.

Madaftari yako pale mlangoni, kila mtu achukue moja na penseli. Kurasa kumi na nne nimeshazichorea mistari. Usiandike usiku, na usitazame saa ili uandike. Kesho asubuhi ukishakunywa chai, kisia: niliingia saa ngapi, nililala saa ngapi, niliamka mara ngapi, nilitoka saa ngapi, mchana nilisinzia kiasi gani. Usipokumbuka, andika unavyodhani. Wale ambao macho hayaoni vizuri, mjukuu aandike. Na yule mzee wa chumba kimoja, baba, usiondoke kabla hatujaonana. Nimekuletea mkeka.